Uzi maalumu: Bwawa la wazi na ufukwe wa ziwa hapa Toronto, kwa sisi tuliokulia kando ya maji bila kujua kuogelea

BintiKirumba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Huu uzi nimekaa nao kichwani tangu mwezi wa saba. Leo watoto wamelala mapema, acha niushushe wote. Ni mrefu, mwenye haraka aurudie baadaye.

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, Kirumba. Kutoka kwetu hadi mwaloni ni dakika kumi kwa miguu, na asubuhi ukisikia harufu ya dagaa hadi uani unajua upepo unatoka ziwani. Pamoja na ukaribu huo, ziwa nililijua kwa macho tu. Mama alikuwa na sababu tatu, na alizitaja kwa mpangilio uleule kila tulipoomba ruhusa: kichocho, mamba, kuzama. Halafu ikaja tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ikazama ikiwa inakaribia kabisa kufika Mwanza, mamia ya watu wakafa. Nilikuwa shule ya msingi. Nyumba ya pili kutoka kwetu baba hakurudi. Baada ya hapo hata kuomba ruhusa tuliacha.

Sasa niko Toronto mwaka wa kumi na mbili, nina mtoto wa kiume wa miaka saba na binti wa miaka minne. Jumamosi moja ya nyuzi joto 31 tulikwenda ufukwe wa Woodbine, upande wa mashariki wa mji. Mchanga mpana, viwanja vya mpira wa wavu, njia ya mbao ya kutembelea kandokando ya maji, watu wa kila taifa. Tulibeba chapati, maharage ya nazi, matikiti, na boya la kupuliza lenye umbo la donati ambalo mwanangu alilichagua mwenyewe dukani.

Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye beseni. Niliingia na mwanangu hadi maji yakanifika kiunoni, yeye amekaa kwenye lile boya, mkono wangu umelishika. Binti yangu akaniita kutoka ukingoni, kofia imemfunika macho. Nikarudi hatua chache, nikamfunga kamba ya kofia chini ya kidevu. Nilipogeuka, boya liko mbali kidogo. Nikatembea kulifuata. Likaenda. Nikaongeza mwendo, maji yakanifika kifuani, likazidi kwenda. Yaliponifika shingoni nikasimama, kwa sababu hatua inayofuata nisingeikanyaga chini. Mwanangu alikuwa ananipungia mkono anacheka, anafikiri tunacheza.

Nikapiga kelele kwa Kisukuma. Sijui kwa nini Kisukuma.

Kabla sijamaliza kupumua tena, mwokoaji mmoja alikuwa ameshaingiza mtumbwi wa makasia majini. Alimfikia, akamvuta na boya lake, akamrudisha. Haikufika dakika tano yote hiyo. Yule kijana hakunigombeza hata kidogo. Alinionyesha bendera iliyokuwa inapepea kuelekea ziwani, akaniambia leo upepo unatoka nchi kavu, na siku kama hii vitu vyote vya kupuliza vibaki mchangani. Nikamwambia lakini maji yametulia. Akasema ndiyo, yametulia hapa ukingoni kwa sababu upepo unatokea mgongoni mwetu, haujapata nafasi ya kuinua mawimbi. Ukienda mita mia mbili ndani utayakuta.

Hilo neno sijalisahau. Utulivu ndio uliokuwa unamchukua mtoto wangu.

---

BintiKirumba

Naendelea.

Juu ya ufukwe huohuo kuna mabwawa ya umma yanaitwa Donald D. Summerville, yalijengwa 1963, yakapewa jina la meya wa mji aliyefariki mwaka huohuo akiwa madarakani. Unapanda ngazi, vyumba vya kubadilishia nguo viko chini, na juu unakutana na bwawa la mita 50, la kupigia mbizi pembeni, na la kina kifupi kwa wanaojifunza. Ukisimama pale unaliona ziwa lote. Kuogelea kwa kujifurahisha ni bure, kama ilivyo kwenye mabwawa ya wazi ya mji huu kwa jumla. Msimu wenyewe ni mfupi, kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Septemba.

Siku ile nilipowapeleka watoto huko juu wakatulie, swali lilinikaa: ziwa liko hapo, nani aliona haja ya kujenga bwawa mita chache kutoka ziwani? Nikaja kupata jibu upande wa pili wa mji, Sunnyside. Pale walijenga jumba la waogeleaji 1922, watu wabadilishie nguo humo kisha waingie ziwani. Majira ya joto yaliyofuata maji yakawa ya baridi mno, watu wakashindwa kuingia. Ndipo 1925 wakafungua bwawa kubwa kando ya jumba lile. Wenyeji waliliita Tangi. Lipo hadi leo, umri wake umepita miaka mia, na linafanya kazi.

Kwa hiyo bwawa lipo kwa sababu ziwa lina tabia zake. Sisi wa Victoria tunadanganywa na ukubwa. Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, Ontario halifiki 19,000. Ukitazama ramani unasema hili dogo, nitaliweza. Lakini kina cha Victoria mahali pa chini kabisa ni mita 80 hivi, na Ontario ni mita 244. Huko chini maji ni ya baridi mwaka mzima. Upepo wa magharibi ukivuma siku mbili tatu, unasukuma yale maji ya juu yaliyopashwa na jua kuyapeleka katikati ya ziwa, na ya chini yanapanda kujaza nafasi. Jana uliogelea kwenye nyuzi 20, leo unakanyaga nyuzi 9 au 10, jua ni lilelile na mchanga unaunguza nyayo. Nimeyakuta mwenyewe mwezi wa nane. Vifundo vya miguu viliuma kama nimevigonga.

Wiki iliyofuata ile siku ya boya nikajiandikisha kujifunza kuogelea. Nina miaka 39.

---

MtuWaDunga

Dada, nimesoma mpaka mwisho na mikono imelowa jasho. Pole sana, na mshukuru Mungu.

Mimi wa Kisumu, niko Hamilton hapa kichwani mwa ziwa. Hiyo ya upepo naifahamu kutoka nyumbani. Wavuvi wa omena hutoka jioni, upepo wa usiku unaotoka nchi kavu unawasaidia kuingia ndani, halafu mchana unageuka. Nimekaa Canada miaka sita na sikuwahi kufikiri kuwa upepo uleule unaweza kumbeba mtoto juu ya plastiki.

Swali: hii baridi unayosema, mtu akianguka ndani ghafla anafanya nini? Kazini kwetu kuna jamaa wananunua mashua ndogo na wamenialika.

---

UkhtyMalindi

Assalaam aleikum wenzangu. BintiKirumba, pole na hongera kwa pamoja.

Mimi wa Unguja. Upepo huo sisi tunauita umande, ngalawa huondoka nao alfajiri. Na mimi nimezaliwa na bahari mlangoni, kaka zangu wote wanaogelea kama samaki, mimi na dada zangu hakuna hata mmoja. Mtoto wa kike alikuwa hafunzwi. Siku hizi afadhali, kule Nungwi upo mradi wa Panje uliowafundisha wasichana wa skuli kuogelea, wamevaa mavazi yao ya stara, wameshikilia madumu ya njano yawasaidie kuelea. Nilipoziona picha zile nililia peke yangu jikoni.

Nataka kujua mambo mawili. Bwawani wanakubali vazi la stara? Na mwalimu wako mwanamke au mwanamume?

---

BintiKirumba

Wa aleikum salaam dada yangu. Naanza na wewe.

Vazi la stara wanalikubali, mradi ni la kitambaa cha kuogelea. Wasichokubali ni pamba, jinzi, dera, shati la kawaida, maana kitambaa cha namna hiyo kikilowa kinakuwa kizito na kinakuvuta chini. Bwawani nimewaona akina mama wa Kisomali na wa Kiarabu wamejifunika mpaka kichwa na hakuna anayegeuka kuwatazama. Ukitaka faragha zaidi, kuna kituo cha Regent Park, bwawa la ndani lililofunguliwa 2012. Wana saa za wanawake peke yao, na mapazia makubwa yanashushwa kufunika vioo.

Mwalimu wangu ni msichana, kwa kumkadiria hana hata miaka ishirini. Tulikuwa watu wazima saba kwenye kina cha kifuani: mzee mmoja wa Kihindi, kina mama wawili wa Kifilipino, wengine siwajui. Siku ya kwanza kazi yetu ilikuwa kuweka uso majini na kutoa pumzi kwa pua, basi. Nilishindwa. Kila nilipoinama niliona uso wa yule baba wa jirani.

Siku ya tatu akasema tulale chali. Akasimama nyuma yangu, akaweka vidole viwili chini ya kisogo. Akaniambia tazama juu, inua kidevu, sukuma tumbo juu, usitafute miguu yako. Masikio yakaingia maji na kelele zote za bwawa zikakatika. Nikabaki nasikia pumzi yangu mwenyewe. Nilikaa hivyo muda, kisha nikamwona yule msichana amesimama mbele yangu, karibu na miguu. Mikono yake yote miwili ilikuwa nje ya maji, ameikunja kifuani. Sikujua aliondoa vile vidole saa ngapi.

Miaka 39 nilikuwa naamini kwamba mwili wangu ni jiwe.

MtuWaDunga, swali lako ni zito na naomba kila mtu alisome jibu. Wataalamu wa hapa Canada wana hesabu wanaiita moja, kumi, moja. Ilitokana na kazi ya Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, mtu aliyejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi ili apime. Ukiangukia maji ya baridi sana, dakika 1 ya kwanza mwili unashtuka, unavuta pumzi kwa nguvu na kuhema bila kujizuia. Ikitokea kichwa kipo chini wakati huo, unavuta maji. Kazi yako dakika hiyo ni moja tu, kuelea na kuituliza pumzi. Usihangaike kuogelea. Baada ya hapo una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, zitumie kujitoa au kushika kitu. Vidole vikishakufa ganzi huwezi tena hata kufunga kamba. Na inachukua kama saa 1 kabla baridi haijakuondolea fahamu. Watu wengi hudhani wanaoanguka humo huuawa na baridi yenyewe, kumbe wengi wao huzama kwenye ile dakika ya kwanza au katika zile kumi.

Ndiyo maana kwenye mashua unavaa jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka gatini. Jaketi lililokunjwa chini ya kiti ni mzigo. Ukiwa umelivaa, ile dakika ya kwanza linaelea kwa niaba yako.

---

FundiRangi

Nimeweka kambi hapa. Uzi wa maana kuliko nyingi za mwezi huu.

---

MamaMapacha

Hongera dada. Mimi nina pacha wa miaka mitano na naogopa kichocho mpaka leo. Nikiona maji ya ziwa nakumbuka vidonge vya shuleni. Huku hakuna kweli? Maana mwaka jana wanangu walitoka ziwani na vipele miguuni vinavyowasha, nikawapeleka hospitali usiku nikiwa na hofu kubwa. Na nywele zetu hizi na dawa ya bwawani, mnafanyaje?

---

BintiKirumba

MamaMapacha, hofu yako naijua, nimelala nayo utotoni.

Kichocho cha kwetu hakipo huku. Yule mdudu hawezi kumaliza maisha yake bila konokono wa jamii fulani, na konokono hao hawapo kwenye maziwa ya Canada. Mtu mwenye kichocho anajisaidia majini au kando yake, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono, vinazaliana humo, kisha vinatoka na kutafuta ngozi ya mtu aliyeingia majini. Pasipo konokono wake, mnyororo unakatika.

Lakini vile vipele vya pacha wako huenda ni vya binamu wa kichocho. Nasema binamu kwa maana halisi. Kuna jamaa wa mdudu huyohuyo anayeishi kwenye bata na ndege wengine wa majini, naye ana konokono wake wa huku. Akitoka kwa konokono anamtafuta bata, akikosea anaingia kwenye ngozi ya mtoto wako, anafia hapohapo. Kinachowasha ni mwili unavyopambana naye. Hafiki kwenye damu, hafiki kwenye ini wala kibofu, na vipele vinaisha vyenyewe kwa siku kadhaa. Ukitaka kupunguza, mtoto akitoka tu ziwani mkaushe kwa taulo kwa kumsugua, usimwache akauke kwa jua, na usiwape bata mikate pale mnapoogelea. Ila ulifanya vizuri kwenda hospitali, vipele vina sababu nyingi.

Na wote mnaopeleka watoto likizo nyumbani, hili lisiwasahaulishe. Ukiwa Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu, kichocho kipo palepale. Mtu akiingia ziwani akapime baadaye, dawa ya prazikwanteli ipo na inafanya kazi.

Hofu yangu kwa ziwa la huku ni nyingine, majitaka. Sehemu za zamani za Toronto maji ya mvua na ya vyooni yanapita kwenye bomba moja. Mvua kubwa ikinyesha, bomba linafurika na sehemu ya uchafu inaingia mtoni na ziwani. Baada ya mvua kubwa sisi tunakaa siku mbili nzima bila kugusa ziwa, hata kama jua limewaka kesho yake. Msimu wa joto mji unapima maji kila siku, wanatafuta bakteria wa kinyesi, na kipimo chao ni kikali: bakteria 100 kwa mililita 100 za maji, wakati jimbo la Ontario linaruhusu hadi 200. Matokeo yanawekwa mtandaoni kwa kila ufukwe. Mimi huyaangalia kabla sijakanda hata unga wa chapati. Ikionekana ziwa si salama, tunakwenda bwawani na ziwa tunalitazama kwa juu.

Nywele: kabla ya kuingia bwawani zilowanishe kabisa kwa maji ya bomba. Nywele zilizoshiba maji safi hazinywi sana ya dawa. Kisha paka mafuta ya nazi, suka mabutu, vaa kofia ya kuogelea. Ukitoka osha papo hapo. Nilikuwa natumia nywele kama sababu ya kutoingia majini, na nimewasikia wenzangu wengi wakiitumia. Nywele zinaoshwa.

---

GomaMoja

Jambo kwenu wote. Mie ni mtu wa Goma, naishi Ottawa. Sisi Kivu tunaogelea tangu utoto, lakini kule pia kuna kitu wageni hawajui. Kuna mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini kwa sababu ya volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa kwenye mashimo na sehemu za chini hata pembeni ya ziwa. Haina rangi. Mtoto anaingia sehemu ya chini kuchukua mpira, anaanguka. Wazee walitufundisha wapi pa kupita na wapi hapana, asubuhi hasa wakati upepo haujaanza.

Nasema hivyo kwa sababu nimeelewa uzi wako kwa njia hiyo. Kila ziwa liko na siri yake, na anayeijua ni mwenyeji. Sisi tukifika huku tunakuwa wageni wa maji tena, hata mimi ninayejua kuogelea. Mwaka wangu wa kwanza niliruka kutoka kwenye gati mwezi wa tano, kijana mwenye nguvu, nikatoka nikiwa siwezi kusema. Hakuna aliyeniambia.

---

MtuWaDunga

Asante GomaMoja. Na dada, asante kwa ile hesabu, nimeshawaambia jamaa bila jaketi siendi.

Kuna jambo linanisumbua. Ile siku yako mtoto alikuwa anacheka. Akiwa anazama kweli, si angepiga kelele ukamsikia?

---

BintiKirumba

Hapana ndugu yangu. Hili nililifundishwa siku ya tano na lilinikosesha usingizi.

Mtu anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Mdomo unatoka juu ya maji kwa muda mfupi mno, unatosha kuvuta hewa tu, hautoshi kuita. Mikono haipungi, inakandamiza maji pembeni ili kichwa kipande. Mwili umesimama wima, miguu haipigi. Kwa mtu aliye ufukweni anaonekana kama anakanyaga maji kwa raha zake. Anaweza kukaa hivyo sekunde 20 hadi 60, kisha anakwenda chini. Mtoto anayepiga kelele majini bado anapumua. Aliyenyamaza ghafla ndiye wa kumkimbilia.

Kwa hiyo simu yangu sasa inakaa ndani ya mfuko wa chapati. Kaka yangu tukiwa naye tunapeana zamu kwa kutamka: mimi nawatazama, mpaka niseme sasa ni wewe. Zamani tulikuwa watu wazima sita kwenye mkeka, kila mmoja anadhani mwenzake anatazama. Na kwa mtoto mdogo, sheria ya bwawani ni kuwa naye majini umbali wa kumfikia kwa mkono. Ziwani mimi naifuata hiyohiyo.

Kuna kipimo cha Shirika la Uokoaji la Canada ambacho nimekibandika kwenye friji: mtoto ajiviringishe kuingia maji ya kina, aweze kuelea mahali pamoja dakika 1, kisha aogelee mita 50 kwa mtindo wowote. Hivyo vitatu vina maana yake. Watu wengi huanguka majini bila kutarajia na huanguka karibu na ukingo. Akiweza hivyo vitatu, kwa kawaida ana nafasi ya kufika. Mwanangu alianza wiki moja na mimi, bwawa la pembeni. Baada ya mwezi aliweza mita 50 za kuchoka, akimeza maji, lakini bila kukanyaga chini. Mimi nimefika mita 25.

Wa kujiandikisha, jiandaeni. Usajili wa masomo unafunguliwa saa moja asubuhi na nafasi zinakwisha kwa dakika. Uwe umeshaingiza namba za darasa unalolitaka usiku wake. Vipo vituo ambavyo masomo ni bure kabisa, na mji una ruzuku kwa familia za kipato kidogo, kwa hiyo gharama isimzuie mtu kuuliza.

---

UkhtyMalindi

Nimejiandikisha leo asubuhi, saa moja na dakika mbili. Darasa la wanawake. Nina umri wa miaka 44. Niombeeni.

---

FundiRangi

Tuko na wewe ukhty. Na lile bwawa la Sunnyside ulilolitaja, BintiKirumba, si ndilo lenye jina la kocha wa yule binti aliyevuka ziwa zima? Nilipaka rangi nyumba jirani na pale, mzee mmoja akanihadithia.

---

BintiKirumba

Ndilo. Gus Ryder. Binti ni Marilyn Bell, alikuwa na miaka 16. Aliingia majini usiku wa tarehe 8 Septemba 1954 kutoka Youngstown upande wa Marekani, akatokea Toronto jioni ya tarehe 9. Saa 20 na dakika 59, zaidi ya kilomita 50. Waandaaji walikuwa wamemleta mwogeleaji maarufu wa Kimarekani, Florence Chadwick, kwa ahadi ya dola 10,000, naye akalazimika kutoka njiani. Yule binti hakuahidiwa chochote. Kocha alikuwa kwenye mashua pembeni yake, anampelekea chakula kwa kijiti kirefu, na samaki wanyonyaji wanamng'ata miguu gizani. Kabla yake hakuna aliyewahi kulivuka.

Nilikwenda kuliona lile bwawa Jumapili moja kwa ajili yake tu. Nikalala chali katikati ya Tangi, ziwa liko ng'ambo ya uzio.

---

BintiKirumba

Mrejesho wa mwisho wa msimu, maana wengi mmeniuliza ndani ya ujumbe.

Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Mwanza. Ana miaka 68. Nilimhadithia yote, ya boya na ya Kisukuma. Hakusema neno, akaomba tumpeleke aone.

Ziwani alikataa kusogea. Alisimama mwisho wa njia ya mbao, mkono umeshika kitambaa cha kichwani, akalitazama muda mrefu, akasema linafanana. Tukapanda naye ngazi kwenda bwawani. Akakaa kwenye ukingo wa lile la kina kifupi, akakunja khanga hadi magotini, akatumbukiza mguu mmoja, kisha wa pili. Mjukuu wake akaogelea kutoka upande wa pili hadi alipo, akamshika vidole vya miguu.

Mama akainama, akaangalia chini kwenye vigae, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Humu hamna konokono?"

Nikamwambia hamna, Mama. Akabaki amekaa pale mpaka wakapuliza filimbi ya kufunga.